Mhariri Aliyeogopa Zimwi la Ziwa

Ukitaka kuandika riwaya ya kejeli kuhusu wachapishaji wetu, yenye mazimwi na mizuka ndani, sura ya kwanza iko tayari na wala si ya kubuni. Grace Ogot, binti wa Asembo, alimsimulia Bernth Lindfors jinsi alivyopeleka hadithi zake kwa meneja wa East African Literature Bureau, enzi za mkoloni. Watu wa ofisi ile walishangaa: mama Mkristo anaandikaje mambo ya kafara na dawa za kienyeji badala ya wokovu?

Moja ya hadithi hizo ilitoka 1963 katika Black Orpheus, jarida la Nigeria. Baadaye ikawa "The Rain Came", ndani ya Land Without Thunder (1968).

Sasa isome, polepole. Ukame umezidi, na mganga Ndithi anasema lazima Oganda, binti wa pekee wa chifu Labong'o, amezwe na zimwi la ziwani ndipo mvua inyeshe. Kijiji kinafanya nini? Kinasherehekea, bana! Watu wanampa zawadi, wanamwita mwenye bahati. Akiwa njiani peke yake, mtoto anamkabidhi hereni ampelekee dada yake huko kwa wafu, eti aliisahau. Mimi hapo hucheka, halafu naona aibu kwa kucheka. Kejeli kali zaidi ya hiyo ni ngumu kupata katika fasihi yetu ya miaka ile.

Kisha Osinda, mpenzi wake, anamfunika kwa majani, wanatoroka. Na mvua inanyesha.

Yaani hakuna aliyeliwa. Unaweza kusema mababu waliridhika na ile safari tu, sawa. Lakini fikiria kule kijijini: wanacheza mvuani wakiamini zimwi limeshiba, na Ndithi anapokea sifa. Hadithi iliyodhaniwa kuhubiri kafara ndiyo inayoikejeli. Siamini kama pale ofisini walifika ukurasa wa mwisho.

Siku hizi swali la mlangoni ni lingine: kitaingia silabasi? Zimwi bado linasubiri nje.

Ogot mwenyewe aligeukia Dholuo. Mwaka 1983 alitoa Miaha, na Simbi Nyaima pia. Simbi Nyaima ni ile habari ya bibi kizee aliyefukuzwa milangoni usiku, kijiji kizima kikazama majini. Ziwa lenyewe lipo, karibu na Kendu Bay. Maji yake ni ya kijani.