Cha Kupika na cha Kupanda

Malava ni nchi ya miwa na mahindi. Viazi vinavyouzwa sokoni hapa, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, vingi hushuka kutoka sehemu za baridi: Mlima Elgon, Timboroa, Burnt Forest, pengine hata Molo. Vimekaa ndani ya gunia, vimepigwa jua juu ya lori, kisha vikamwagwa juu ya turubai kumsubiri mnunuzi. Anayechagua hana budi kusoma kwenye ganda yale yote ambayo kiazi kilipitia njiani.

Kinachomtia shaka mara nyingi ni rangi ya kijani na machipukizi. Yupo anayetupa kiazi kizima kwa doa dogo kama ukucha. Yupo pia anayesema moto huua kila kitu. Wa kwanza anajitia hasara ya shilingi chache. Wa pili ndiye wa kuogopewa, hasa akiwa ndiye mpishi wa shule.

Ile rangi yenyewe haina madhara. Ni klorofili, iliyomo hata kwenye jani la muhindi. Ila mwanga unaoileta ndio unaokichochea kiazi kutengeneza solanini na chakonini, sumu zinazokilinda dhidi ya wadudu na wanyama. Kiazi ni cha ukoo wa nyanya, biringanya na lisutsa yetu, yaani mnavu. Lisutsa tunaichemsha, tunamwaga maji, uchungu unapungua, na wengi wanadhani kiazi nacho kitatii hivyo. Hakitii. Solanini haivunjiki kwenye maji yanayochemka, na hata mafuta ya chipsi hupunguza kiasi tu. Viazi vizuri kwa kawaida havifikishi miligramu 100 za sumu hizo kwa kilo. Kiwango kinachokubaliwa na wengi kuwa cha mwisho ni 200. Sehemu kubwa imo kwenye ganda na milimita chache chini yake, na machipukizi ndiyo yaliyoshiba kuliko yote.

Madhara yake yanajulikana: tumbo kukata, kutapika, kuhara, kichwa kuuma. Mwaka 1979 madaktari wa Uingereza walichapisha habari za wavulana 78 wa shule moja ya London waliougua baada ya kulishwa viazi vilivyobaki tangu muhula uliotangulia. Kumi na saba walilazwa hospitalini; wote walipona. Wala sumu hii haingoji jua peke yake. Marekani kulikuwa na aina iliyoitwa Lenape, iliyosifiwa sana kwa kukaanga. Ilitolewa kwa wakulima mwaka 1967 na kuondolewa mwaka 1970, kwa kuwa ilizaliwa na solanini nyingi mno.

Sasa tuingie sokoni. Usichague kiazi ukiwa chini ya mwavuli wa rangi au turubai la buluu, kwa sababu hapo kila kitu hubadilika sura. Kitoe nje, kigeuze pande zote. Shangi, ambayo ndiyo imejaa masoko ya Kenya, ina ganda jeupe la maziwa na macho ya waridi, kwa hiyo kijani huonekana upesi. Viazi vya ganda jekundu ndivyo vyenye hila: kwaruza kidogo kwa ukucha utazame chini yake. Viazi vya juu ya fungu ndivyo vilivyokunywa jua. Omba vya chini au vilivyofunikwa gunia, na muuzaji muungwana hatanuna. Mimi sipendi kiazi kilichooshwa. Kinang'aa, lakini mwanga hukigeuza upesi kuliko chenye udongo wake.

Kuhusu machipukizi, usikihukumu kiazi cha Shangi kama cha aina nyingine. Hulala muda mfupi sana baada ya kuvunwa, hivyo huweza kuchipua kingali kipya. Hakimu wa haki ni kidole gumba: bonyeza. Kikiwa kigumu na macho yameanza tu kuchungulia, nunua, kisha nyumbani chimba kila jicho kwa ncha ya kisu, ondoa na nyama kidogo, umenye kwa unene. Doa dogo la kijani nalo likate mpaka ufikie nyama safi. Kikiwa kimesinyaa, kimelegea, na machipukizi yamerefuka, au kijani kimeenea na kuzama ndani, kiache hata ukiongezewa bure. Na ukiona udongo umeganda kwenye macho kana kwamba umebandikwa kwa gundi, omba kikatwe katikati: duara la kahawia linalotoa ute ni mnyauko wa bakteria.

Hapo ndipo muuzaji atakapokwambia, "Basi mama, chukua hivi ukapande." Ana hoja nusu. Mbegu nzuri ya viazi huwekwa makusudi mahali penye mwanga hafifu mpaka igeuke kijani na kutoa machipukizi mafupi, manene, yenye nguvu. Zile kasoro za sufuria huwa sifa shambani. Lakini kuchipua peke yake hakukifanyi kiazi cha sokoni kuwa mbegu. Kinaweza kukuletea mnyauko, nao ukishaingia kwenye udongo hukaa, ukangoja nyanya na lisutsa utakazopanda baadaye. Mbegu itafute kwa anayejulikana kuuza mbegu.

Nyumbani, weka viazi gizani, penye hewa, ndani ya kikapu au gunia la katani; mfuko wa plastiki huvifanya vitoe jasho na kuoza. Friji nayo haifai: baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na chipsi zake hutoka nyeusi kabla hazijaiva.

Kiazi kilichopikwa kikiwa kichungu au kikiwasha koo, acha kula na umwage kilichobaki, maana chumvi na tomato huficha ladha tu. Mtoto anayekataa sahani asilazimishwe kabla hujaonja mwenyewe. Mwili wake mdogo hulemewa na kiasi kidogo. Maganda ya kijani na machipukizi usimtupie ng'ombe wala nguruwe, nao hudhurika vilevile. Yazike shimoni.