Nzuri, Lakini Nani Alikaa Humo?
Tusidanganyane, waandishi wenzangu. Safu ya nyumba za mawe iitwayo Arlington Row, kijijini Bibury, Uingereza, husifiwa kwa urembo tu. Hata William Morris alikisifu kijiji hicho. Sawa, lakini mimi nauliza: nani alikaa humo?

Lilijengwa kama mwaka 1380 kuwa ghala la sufu. Karne ya 17 likagawanywa nyumba za wafumaji. Ndiyo maana zimebanana ukuta kwa ukuta kama vyumba vya kupanga, na vidirisha vyake vidogo. Uwanda wa mbele, Rack Isle, ndiko vitambaa vilikoanikwa.

Jengo lenyewe lasema kazi kwanza, urembo baadaye. Basi ndugu, riwaya yako isiishie kwenye maua ya mlangoni. Ingia ndani, usikie mtambo wa kufumia unavyogonga.