Mililita Ishirini kwa Lita

Injini ya msumeno wa mnyororo, au chenso kama wanavyouita wapasuaji wa mbao wa Songea, haina sampu ya oili kama ya bodaboda. Oili yake huingia pamoja na petroli, hupita kwenye krankishafti na beringi, huipaka pistoni, kisha huungua na kutoka na moshi. Kila tone hufanya kazi mara moja tu. Kwa hiyo anayeijua kazi hii huichagua oili kwa makini kuliko anavyouchagua mnyororo wenyewe: mnyororo butu hunolewa, lakini silinda iliyochubuka hununuliwa nyingine.

Ruvuma ni mahali pagumu kwa injini hizi. Kaskazini, kuelekea Madaba, liko Shamba la Miti Wino la Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), pamoja na mashamba ya watu binafsi ya misindano na mikaratusi. Mashariki, Namtumbo hadi Tunduru, ni nchi ya miombo, penye mninga na miti mingine inayokula meno ya mnyororo. Kuangusha mti huichosha injini kwa muda mfupi, halafu hupumua. Kupasua mbao ni habari nyingine: msumeno hufuata urefu wa gogo, gesi imefunguliwa yote, na injini haipati nafasi ya kupoa mpaka ncha ya pili itokee. Joto la kupasua ndilo linaloiumbua oili hafifu.

Mnunuzi mzoefu hasomi jina kubwa lililo mbele ya kopo. Huligeuza akatafuta herufi ndogo nyuma. Wajapani, kupitia shirika lao la viwango vya magari, JASO, wamezipanga oili za injini za mapigo mawili, kama hii ya chenso, katika madaraja ya FB, FC na FD. Kiwango cha kimataifa cha ISO kina madaraja yanayokaribiana na hayo: EGB, EGC na EGD. Kuna pia alama ya zamani ya Wamarekani, API TC, ambayo bado huonekana kwenye makopo mengi. Watu hudhani FD hulainisha kuliko FB. Sivyo: kiwango cha chini cha kulainisha ni kilekile kwa madaraja yote matatu. FC na FD hutoa moshi mdogo na haziachi masizi mengi kwenye njia ya moshi. FD huizidi FC kwa kuiweka pistoni safi wakati wa joto kali. Usafi huo ndio unaozifanya ringi ziendelee kucheza ndani ya mifereji yake badala ya kuganda. Kwa mtu anayekata kuni mara moja kwa wiki, FB inatosha. Kwa anayepasua mninga kutwa, FD inastahili kila shilingi inayoongezeka kwenye bei.

Ipo oili moja inayowaponza wengi, tena si mbovu hata kidogo. Ni ile yenye alama ya TC-W3, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za boti. Kusini-magharibi mwa mkoa, Mbamba Bay na vijiji vya pwani ya Ziwa Nyasa, ina kazi yake halali, na si ajabu kopo lake kupanda hadi Mbinga na Songea mjini. Lakini injini ya boti hupozwa na maji ya ziwa. Chenso hupozwa na upepo wa feni yake tu, na silinda yake huwa ya moto zaidi. Mizunguko yake isipokuwa na mzigo huweza kupita 12,000 kwa dakika. Oili iliyobuniwa kwa injini baridi haihimili hayo. Muuzaji atasema kwamba zote ni 2T, yaani za mapigo mawili, na atakuwa amesema kweli, ila hiyo ni nusu ya habari.

Kosa baya zaidi ni kuchanganya oili ya injini ya gari, ile SAE 40 inayopatikana kila duka la spea. Ina viambato vya metali ambavyo katika gari hukaa ndani ya sampu bila madhara, lakini vikiungua ndani ya chenso huacha majivu magumu juu ya pistoni na kwenye plagi. Ni kweli kwamba misumeno ya miaka ya 1950 na 1960 ilitumia oili za kawaida kwa uwiano mzito wa 1:16. Ilikuwa na mizunguko michache, moshi wake ulikuwa wingu, na kukwangua masizi kwenye njia ya moshi ilikuwa sehemu ya kazi. Chenso ya leo haikuundwa kwa maisha hayo.

Rangi isimdanganye mtu. Nyekundu, kijani au buluu ni dawa tu ya rangi, iliyotiwa ili petroli iliyochanganywa itofautiane na ile tupu. Uzito wa oili mkononi nao hauthibitishi ubora, kwa kuwa nyingi zimeongezewa kiyeyushi makusudi ili zichanganyike upesi. Kinachostahili kukaguliwa ni kifuniko ambacho pete yake haijakatika, lakiri iliyo ndani, namba ya toleo iliyochapwa kwenye kopo, na maandishi ambayo hayafutiki kwa kidole. Kopo la chapa kubwa lililojazwa upya kichochoroni hujulikana kwa mambo hayo manne kabla halijajulikana kwa pistoni.

Uwiano hauamuliwi na fundi wala na mazoea ya kambi, bali na kitabu cha msumeno pamoja na oili iliyonunuliwa. Vitabu vingi vya STIHL vinataka 1:50 kwa oili ya STIHL yenyewe, na 1:25 kwa oili za chapa nyingine. Husqvarna nao wanataka 1:50 kwa oili yao, na 1:33 kwa nyingine iliyofikia angalau daraja la FB. Kwa hesabu ya kidumu, 1:50 ni mililita 20 kwa lita moja, yaani mililita 100 kwa lita tano. 1:33 ni mililita 30 kwa lita. 1:25 ni 40. Bomba la sindano la mililita 20, linalouzwa famasi yoyote, ndicho kipimo bora kuliko vifuniko vya soda na makisio ya macho. Oili itiwe kwenye kidumu safi chenye nusu ya petroli, itikiswe, petroli iliyobaki iongezwe, na kidumu kitikiswe tena kila kabla ya kujaza tangi. Kumimina oili moja kwa moja ndani ya tangi la msumeno ni kubahatisha.

Wapo wanaoongeza oili kama kinga: ikiwa 20 ni nzuri, 50 itakuwa nzuri zaidi. Kinga hiyo ina gharama. Kila mililita ya oili inachukua nafasi ya petroli inayopita kwenye kabureta, kwa hiyo mchanganyiko wa petroli na hewa hupungukiwa petroli, na injini ambayo kabureta yake ilikuwa tayari imebana petroli huzidi kupata joto. Wakati huohuo masizi huziba njia ya moshi na plagi hulowa. Asiye na kitabu, mwenye oili ya FD anayoiamini na kazi yake ni kupasua, hatakosea akisimama kwenye 1:40, yaani mililita 25 kwa lita. Kupita hapo kunahitaji sababu, kama agizo la kitabu.

Petroli nayo ina hukumu yake. Mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kubaini yaliyochakachuliwa, na mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa, hatua iliyopunguza sana faida ya kuyachanganya na petroli. Hata hivyo, petroli ya chupa inayouzwa kandokando ya barabara haina mlinzi. Tone moja juu ya karatasi nyeupe linasaidia: petroli safi hukauka upesi bila kuacha kitu, yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Maji hujulikana kwa kuiacha petroli itulie ndani ya chupa ya kioo, kwa kuwa hukusanyika chini. Kipimo hiki kina maana zaidi kati ya Novemba na Aprili, Songea inaponyeshewa na mapipa kukaa nje.

Baada ya matangi mawili matatu ya oili mpya, plagi ifunguliwe. Rangi inayotakiwa ni kahawia hafifu, kama buni za Mbinga zilizoanza kukaangwa. Nyeusi yenye unyevu inaonyesha oili au petroli imezidi, au chujio la hewa limejaa vumbi la mbao. Nyeupe kavu ni hatari: injini inaungua kwa joto. Fundi makini huenda mbali zaidi, akaifungua sailensa na kutazama pistoni kupitia tundu la moshi. Pistoni yenye afya inang'aa sawasawa. Mistari ya wima ni mwanzo wa kujamu.

Plagi nyeupe isiharakishe lawama kwa oili, maana huku milima nayo ina mchango. Njombe mjini ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Songea ni zaidi ya mita 1,100, na ufuko wa Ziwa Nyasa hauzidi sana mita 470. Msumeno ambao skrubu ya H ya kabureta yake, ile ya mizunguko mikubwa, ilifungwa ukiwa Njombe, penye hewa nyepesi, ukishushwa Mbamba Bay hukuta hewa nzito na petroli ileile. Huunguruma vizuri, hukata kwa nguvu, na pistoni hujamu mchana wa kwanza. Oili ya bei kubwa kuliko zote haitauokoa. Skrubu ifunguliwe kidogo kabla ya kuanza kazi, mpaka mlio wa injini bila mzigo uwe mzito na wenye kukatika kidogo, kisha usafike mnyororo unapoingia kwenye mti. Na mchanganyiko uliobaki ukifika mwezi mmoja, usirudishwe kwenye chenso.