Msitu na Bomba la Chuma: Uhakiki wa The Forest People

Kitabu cha Colin Turnbull, The Forest People, kilichochapishwa mwaka 1961, kingali kinasomwa vyuoni kama maelezo ya maisha ya Wambuti wa msitu wa Ituri. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jambo moja tu: jinsi mwandishi anavyoutenga msitu na ulimwengu wa kisasa.

Turnbull alifanya utafiti wake Epulu, kando ya barabara itokayo Bunia kwenda Kisangani. Anauchora msitu kama makao ya amani, na kijiji kama mahali pa hofu na uchawi. Mwanakijiji anauogopa msitu. Mmbuti anauona kuwa baba na mama. Mgawanyo huu unavutia, lakini kitabu chenyewe kinaukanusha. Katika ibada ya molimo, nyimbo za usiku huuamsha msitu ili uwaangalie watoto wake, na parapanda huitika kutoka gizani. Turnbull alitarajia kuona chombo cha kale cha mti. Alichoona ni bomba la chuma lililochukuliwa kwenye ujenzi wa barabara. Yeye alivunjika moyo. Wenyewe hawakuona kasoro yoyote. Bomba lilitoa sauti nzuri, tena halikuoza.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Masikitiko hayo ni ya mgeni aliyeutaka msitu usioguswa na chuma. Kwa Wambuti, utakatifu ulikuwa katika sauti, wala si katika mti. Tunampongeza Turnbull kwa kutolificha tukio hilo. Tunamlaumu kwa kutolifuata hadi mwisho. Roy Richard Grinker, katika kitabu chake cha mwaka 1994 juu ya Walese na Waefe wa Ituri hiyohiyo, anaonesha kwamba wakulima na wawindaji wamefungamana katika nyumba moja, ingawa si kwa usawa.

Hata hivyo, kosa hili si la wageni peke yao. Katika Kiswahili chetu cha Bunia msitu huitwa pori, neno linalodokeza mahali pasipo na watu. Nalo neno mwitu, ambalo halina ubaya likisemwa juu ya mbwa, huwa tusi likisemwa juu ya mtu. Mwaka 1992 sehemu ya msitu huo, yenye hekta zaidi ya 1,300,000, ilifanywa hifadhi na kupewa jina la okapi. Mnyama amo katika jina. Wambuti na wakulima wakaao humo hawamo.

Sisi tuishio mtaa wa Lumumba tunaandikia juu ya meza za mbao, kisha tunauita msitu pori, kana kwamba hautuhusu. Mhakiki wa Turnbull hana budi kuanza na msamiati wake mwenyewe. Kwani palipoitwa pori, ni rahisi kuamua mambo yake bila kuwauliza waliozaliwa humo.