Urafiki na upweke katika kitabu cha Steinbeck

Kitabu hiki kimetufikia kwa Kifaransa, katika tafsiri ya Maurice-Edgar Coindreau ya mwaka 1939, kwa jina la Des souris et des hommes. Mtungaji, John Steinbeck, alizaliwa Salinas, katika California ya Marekani, mwaka 1902. Alikitoa mwaka 1937, akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1962, akafa mwaka 1968. Ni kitabu chembamba: anayekianza baada ya Masifu ya jioni aweza kukimaliza kabla ya kulala. Lakini wasomaji wengi wakikifunga husema: «George alifanya vema.» Neno hilo, sisi wachungaji wa roho hatuwezi kulipokea bila kulipima.

I. Hadisi

George na Lennie ni vibarua, watu wa kuhama toka shamba hata shamba. George ni mdogo wa mwili na mwepesi wa akili. Lennie ana nguvu za ng'ombe dume na akili ya mtoto. Apenda kushika vitu laini, na anachokipenda hukiua kwa uzito wa mkono wake. Wafika siku ya Ijumaa katika shamba kubwa karibu na Soledad. Siku ya Mungu, mchana, Lennie amvunja shingo, bila kukusudia, mke wa Curley, mwana wa bwana shamba. Jioni ile ile George ampiga Lennie risasi kisogoni, ili asifikiwe kwanza na Curley aliyetaka kumpiga tumboni.

II. Upweke

Soledad, kwa luga ya Kispania, maana yake ni upweke. Si jina la kubuni: mwaka 1791 mapadri Wafransisko walianzisha huko misioni ya Bikira Maria wa Upweke. Tazama sasa watu wa shamba. Candy, mzee wa kufagia, mkono wake mmoja umekatwa na mashine. Crooks, mtu mweusi pekee, alala katika chumba cha hatamu za farasi, kwa kuwa weupe hawamtaki kwao. Mke wa Curley hakupewa hata jina. Alitamani kucheza katika sinema, na barua aliyoahidiwa haikufika. Hata George, jioni, acheza karata peke yake.

Watu hawa hawakai mbali mbali. Upweke wao hautoki katika umbali bali katika sheria ya shamba: mtu ana samani muda awezapo kufanya kazi. Kwa hiyo kila mmoja amwogopa mwenzake. Tena aliyejeruhiwa ajeruhi. Crooks, aliyefungiwa mlango, amtesa Lennie kwa kumwambia kwamba labda George hatarudi.

III. Ndoto

Wengi husema ndoto ya marafiki hawa ilikuwa moshi. Tufanye hesabu. Walitamani shamba la hekta 4 hivi, lenye nyumba na sungura, kwa dola 600. Candy asikia, aomba kuingia, aleta dola 350. Katika hizo, 250 ni malipo ya mkono wake uliokatwa. Mwezi mmoja wa kazi ya George na Lennie ungeongeza 100. Zilibaki 150 tu! Tena Crooks naye, kwa saa moja, aliomba nafasi. Urafiki wa watu wawili ulikuwa umeanza kuwaita wa tatu na wa nne.

Lakini mke wa Curley alipokufa, George alikubali mara moja kwamba yote yamekwisha. Mbona? Feza ya Candy ilikuwapo bado. Shamba lilikuwa bado linauzwa. Kilichokosekana ni yule aliyesimuliwa ndoto hiyo kila jioni. Hapa, kwa mawazo yangu, ndipo kitabu kinaposema kweli kubwa: tumaini la George lilikaa ndani ya Lennie, yule aliyeonekana kuwa mzigo.

IV. Risasi

Ijumaa usiku Carlson alimwua mbwa mzee wa Candy kwa sababu ananuka na hana faida. Candy akajuta: afazali angalimwua mwenyewe. Ndipo George atwaa bastola ile ile na kupiga mahali pale pale. Wasomaji hufikiri kwamba amejifunza: rafiki wa kweli hamwachii mgeni kazi hiyo.

Mimi naona ginsi nyingine. Mbwa aliuawa kwa sheria ya shamba. Candy mwenyewe ameimeza sheria ile, hata atamani kupigwa risasi siku atakapofukuzwa. Hata Slim, aliye bora kuliko wote, alikubali mbwa auawe. Risasi ya George ilitoka katika upendo, lakini ilisema luga ya Carlson. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes (1965), namba 27, wahesabu uuaji wa namna hiyo pamoja na makosa yaliyo kinyume cha uzima. Nia njema haigeuzi tendo baya.

Mtu atauliza: George angefanya nini? Swali ni la haki. Curley alikuwa na bunduki. Mtu wa serikali ametumwa kuitwa Soledad, wala hakuna aliyemngojea. Basi ukimhukumu George peke yake, umewaacha wengi waliomsukuma. Mtungaji alifikiri kwanza kukiita kitabu «Jambo lililotokea», kana kwamba hakuna wa kuulizwa. Hapo ndipo upungufu wake: milango yote imefungwa mapema mno, na katika siku nzima ya Mungu hakuna hata mmoja anayesali.

V. Kwetu sisi

Mwishoni Slim aketi karibu na George, kisha amwongoza njiani. Carlson hafahamu wana huzuni gani. Huruma ya Slim ni ya kweli, lakini imechelewa. Ijumaa alimsikiliza George kama muungamishaji, akajua hatari, akaishia hapo. Katekista aliye katika kambi ya wachimbaji, au padri wa parokia ya mji, atawakuta Candy na Lennie wake. Asingoje risasi ndipo aende kuketi karibu nao.