Kazi Iko Kwenye Prufu

Kuskani kitabu cha zamani nyumbani si kazi ngumu. Skana ya mezani na nukta 300 kwa inchi zinatosha. ScanTailor, programu ya bure, hunyoosha mistari iliyopinda, hukata kivuli cha mshono na kusawazisha pambizo. Jasho linatoka baadaye.

Chukua Swahili Tales, hadithi za Unguja zilizokusanywa na mmisionari Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870. Steere alifariki 1882, kwa hiyo hakimiliki haizuii. Kiswahili kiko ukurasa mmoja, Kiingereza ukurasa unaotazamana nao. Zikisomeshwa kurasa zote kwa mkupuo, lugha mbili zinavurugana. Dawa ni kutenga kurasa za shufwa na za witiri, kisha Tesseract, programu ya kugeuza picha za kurasa kuwa maandishi, isome kila fungu kwa data ya lugha yake. Data ya Kiswahili ipo, nayo ni ya bure.

Makosa hayakosekani, lakini umbo la Kiswahili lenyewe linayafichua. Maneno yetu huishia irabu. Basi tafuta kila neno lililoishia konsonanti, na ukiondoa majina ya watu na ya mahali, karibu yote yatakuwa yamesomwa vibaya. Tafuta pia "rn". Isipokuwa kwenye maneno ya mkopo kama "karne", hiyo ni "m" iliyopasuliwa vipande viwili.

Kosa la kuogopwa ni lile linalozaa neno halali. Wino uliofifia huifanya "n" isomwe "u", na "kuna" ikawa "kuua". Programu ya kukagua tahajia itapita bila kushtuka. Hapo hakuna njia ya mkato: picha ya ukurasa upande huu, maandishi upande ule, mstari kwa mstari. Wakaguzi wakiwa wawili ni bora zaidi, mmoja akisoma kwa sauti, mwenzake akifuatilia.

Kingine ni kishawishi cha kumsahihisha Steere. Yeye aliandika "killa". Hilo si kosa: kamati iliyosanifisha tahajia yetu iliundwa 1930, miaka sitini baadaye. Tahajia yake iache ilivyo. Anayetaka "kila" atoe toleo la pili na aseme wazi alichobadilisha, maana tahajia ile ni ushahidi wa jinsi Kiswahili kilivyosikika na kuandikwa wakati huo.

Ukimaliza, usizifute picha za kurasa. Zihifadhi pamoja na maandishi, ili msomaji atakayetilia shaka neno lako akajionee mwenyewe.