Kazi za Wanafunzi katika Kusoma Mchezo wa Tanzia: Mfano wa Julius Caesar

Mwalimu anayefundisha mchezo wa tanzia huwapa wanafunzi wake kazi za namna mbili. Namna ya kwanza ni kazi za kubuni: kuandika barua ya mhusika, kutunga gazeti la mji unaosimuliwa, kuchora jukwaa, kuigiza onyesho, kuendesha kesi ya muuaji. Namna ya pili ni kazi za uchambuzi: kueleza dhamira, kupambanua wahusika, kulinganisha hotuba na hotuba. Aghalabu namna hizi mbili huhesabiwa kuwa ni mahasimu. Wapo walimu wasemao kwamba kazi za kubuni ni michezo ya watoto na kwamba uchambuzi peke yake ndio elimu. Na wapo wasemao kwamba uchambuzi huua mchezo, na kwamba kubuni ndiko kunakoufufua. Kauli zote mbili zina kasoro, maana zinaipima kazi kwa sura yake ya nje. Kipimo cha haki ni kuuliza kama kazi hiyo yaweza kufanywa vizuri na mtu ambaye hakuusoma mchezo. Ikiwa yaweza, haifai, hata ikipambwa kwa rangi au ikijazwa istilahi. Ikiwa haiwezi, yafaa, iwe ya kubuni au ya uchambuzi.

Mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar wafaa sana kwa kulijaribu jambo hili. Msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba tarehe 21 Septemba 1599 aliona mjini London mchezo wa habari za Caesar, nao huaminika kuwa ndio huu. Ulipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1623, miaka saba baada ya kufa kwa mtungaji. Habari zake zatoka kwa Plutarch, ambaye masimulizi yake ya maisha ya watu mashuhuri yalitiwa katika Kiingereza na Thomas North mwaka 1579. Na kwa wasomaji wa Kiswahili mchezo huu una ujamaa wa karibu zaidi, kwa kuwa Julius K. Nyerere aliutafsiri na kuutoa mwaka 1963, alipokuwa Rais wa Tanganyika, kisha akaisahihisha tafsiri yake na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Kabla ya kuzitazama kazi zenyewe, yafaa kuuliza tanzia ya mchezo huu iko wapi. Neno tanzia lina maana yake ya kawaida, nayo ni habari ya kifo ipelekwayo kwa jamaa na majirani. Maana hiyo huwapoteza wanafunzi wengi, wakadhani kwamba tanzia ni kifo tu, na kwa hiyo tanzia ya mchezo huu ni kuuawa kwa Caesar. Lakini Caesar auawa mwanzoni mwa Tendo la Tatu, na matendo ni matano. Karibu nusu ya mchezo ingali mbele. Mtu ambaye mchezo wamfuata hadi mwisho ni Brutus, na pahali pa kumjua ni Tendo la Pili, onyesho la kwanza, anapozungumza na nafsi yake usiku bustanini. Hapo akiri kwamba hana kisa chake binafsi juu ya Caesar, wala hajapata kumwona akishindwa na tamaa hata akaiacha akili. Hata hivyo aamua kwamba Caesar afe, kwa sababu ya jambo ambalo huenda angelifanya kama angelivikwa taji. Na ili kujithibitishia uamuzi huo atumia mfano wa yai la nyoka ambalo halijaanguliwa. Tanzia imo humo: mtu mwema aufikia uovu kwa fikira zilizopangwa vizuri, bila choyo na bila hasira. Mwanafunzi anayemaliza kitabu akiwa amejifunza tu kwamba usaliti ni mbaya amepata kile ambacho methali moja ingalimpa bila taabu ya kusoma matendo matano.

Kazi ya kubuni inayopendwa kuliko zote ni kesi ya Brutus. Darasa hugawanywa, wengine wakawa washitaki, wengine watetezi, mmoja akawa hakimu. Mara nyingi kesi hii huishia katika mabishano juu ya udikteta na mauaji kwa jumla, na mwanafunzi mwenye sauti kubwa hushinda bila kukifungua kitabu. Lakini kesi hiyo hiyo hugeuka kuwa somo kubwa ikitiwa sharti moja, yaani kwamba shahidi hana ruhusa kusema neno lisilokuwa na mahali pake katika mchezo, na kila akisema ataje tendo na onyesho. Ndipo mtetezi atakapoyakimbilia maneno ya bustanini kuonyesha kwamba mtu wake hakuua kwa chuki, na ndipo mshitaki atakapoyashika maneno yale yale kuonyesha kwamba mtu aliuawa kwa kosa ambalo hakulitenda. Wote wawili watakuwa wamelisoma fungu moja kwa uangalifu ambao swali la mtihani haliwezi kuulazimisha.

Hali ni hiyo hiyo katika barua ya Portia, mke wa Brutus. Barua iliyojaa machozi na mapenzi yaweza kuandikwa na mtu yeyote kwa ajili ya mke yeyote. Barua inayofaa hujengwa juu ya yale ambayo mchezo wayasema: kwamba alijijeruhi paja ili athibitishe kuwa aweza kuhifadhi siri, kwamba asubuhi ya mauaji alimtuma kijana Lucius mbio hadi barazani bila kumwambia anakwenda kufanya nini, kwamba aliogopa kila kelele. Mwandishi wa barua hiyo hana budi kuamua kama Portia amekwisha kuambiwa siri au bado, na mchezo hausemi waziwazi. Uamuzi huo ni uhakiki, ijapokuwa umevaa nguo za barua.

Kazi za uchambuzi nazo zina udhaifu wao, na hapana sababu ya kuzisitiri. Mwanafunzi akitakiwa aeleze dhamira tano za mchezo, aweza kuziandika kutoka katika daftari la mwenzake: uongozi, usaliti, urafiki, tamaa, ushirikina. Orodha hiyo yaweza kunakiliwa kwa michezo mingine kumi bila kubadili neno. Ni afadhali atakiwe kuonyesha kila pahali ambapo Cassius atoa shauri na Brutus alikataa, tangu lile la kula kiapo, na lile la kumwua Antony pamoja na Caesar, na lile la kutomruhusu Antony kuhutubia watu, hadi lile la kumngoja adui badala ya kumfuata Philippi. Mwanafunzi akiyapanga mashauri hayo pamoja na matokeo yake, ataona mwenyewe kwamba katika mambo ya vita na siasa Cassius, ambaye si mwema, aghalabu ndiye mwenye kuona mbali. Na kwamba Brutus hukataa kila mara kwa ajili ya heshima yake. Sifa iliyomfanya apendwe ndiyo inayomwangusha. Hakuna daftari la mwenzake litakalomfikisha hapo kwa nguvu ile ile.

Hotuba mbili za Tendo la Tatu, onyesho la pili, ndizo zinazoonyesha vizuri kwamba kubuni na kuchambua ni kazi moja. Brutus ahutubia kwa nathari iliyopimwa na kusawazishwa, Antony kwa mashairi yasiyo na vina. Brutus awaeleza watu sababu; Antony awaonyesha vazi lenye matundu ya visu, na wosia unaompa kila raia drakma 75. Mwanafunzi akiambiwa alinganishe, ataandika kwamba Antony ni msemaji hodari. Lakini wanafunzi wakizisoma hotuba zote mbili kwa sauti, darasa zima likawa ndio umati na likajibu kila palipoandikwa majibu, watagundua jambo ambalo huwapita wasomaji wa kimya: baada ya hotuba ya Brutus mmoja katika watu ataka yeye Brutus afanywe Caesar. Amemwua mtu ili pasiwe na mfalme, na watu wanamshangilia kwa kutaka wamfanye mfalme. Hawakuelewa hata neno moja, na hali Antony bado hajafungua kinywa.

Katika Tendo la Nne mna jambo jingine linalofaa kazi ya namna hii. Habari ya kufa kwa Portia yaletwa mara mbili. Brutus mwenyewe amwambia Cassius. Kisha Messala aja na habari hiyo, na Brutus ajifanya hajaisikia, akaipokea kwa utulivu mbele ya watu. Baadhi ya wahakiki husema kwamba moja ya sehemu hizo ilikusudiwa kufutwa, ikasahauliwa katika kupiga chapa. Wengine husema kwamba mtungaji alikusudia kuonyesha mtu aliyejizoeza kuficha huzuni hata akaifanya kuwa onyesho. Vikundi viwili vya wanafunzi viuigize ugomvi huo wa hemani, kimoja kwa rai ya kwanza na kimoja kwa rai ya pili, kisha kila kikundi kiandike ukurasa mmoja wa kutetea njia yake. Ukurasa huo utakuwa na thamani kuliko kurasa kumi za muhtasari.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili ipo kazi nyingine ambayo mwenzake wa Uingereza hana, nayo ni tafsiri. Antony alirudia mara nyingi neno moja la sifa juu ya Brutus, hata sifa ikageuka kuwa tusi. Neno hilo litiwe vipi katika Kiswahili? Mheshimiwa ni jina la cheo, na likirudiwa hudhihaki utawala. Muungwana ni neno la nasaba na adabu, na likirudiwa huuliza kama mtu wa nyumba njema huua mgeni wake. Mwadilifu ni neno la matendo, na likirudiwa huweka tendo na sifa yake ana kwa ana. Mwanafunzi alitafsiri fungu hilo mara tatu, kila mara kwa neno moja, kisha azilinganishe tafsiri za 1963 na 1969. Ataona kwamba mfasiri hachagui neno tu, bali achagua aina ya kejeli.

Ulinganisho na fasihi ya pwani nao una faida, ikiwa hautalazimishwa. Katika utenzi wa Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa auawa na mwanawe kwa sindano ya shaba. Ni rahisi kusema kwamba mwana huyo ndiye Brutus, lakini si kweli: mwana wa Liyongo alihongwa kwa ahadi ya cheo na mke, na Brutus hakuahidiwa kitu. Pale hasa wanapotofautiana ndipo mwanafunzi atakapoona upekee wa tanzia ya Brutus. Ulinganifu wa kweli uko mahali pengine. Liyongo afa amepiga magoti kisimani na upinde mkononi, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Caesar naye, ijapokuwa amekwisha kufa, ndiye anayeitawala nusu ya pili ya mchezo, hata Brutus mwenyewe akakiri huko Philippi kwamba nguvu zake bado zatembea. Mauti hayakumwondolea yeyote kati yao utawala wake.

Huenda ikasemwa kwamba kazi za namna hii ni vigumu kuzitolea alama, na kwamba zahitaji vifaa. Hoja ya kwanza hujibiwa kwa sharti lililokwisha kutajwa: kila kazi ya kubuni ifuatane na ukurasa wa utetezi unaotaja tendo na onyesho, na alama zitolewe kwa utetezi huo. Hoja ya pili ni ya haki zaidi. Palipotolewa alama kwa picha na mapambo, aliyetuzwa ni mwenye karatasi nzuri na kalamu za rangi, na mwanafunzi maskini ameadhibiwa kwa umaskini wake. Lakini kazi zilizotajwa hapa hazihitaji zaidi ya kitabu na sauti, na kitabu kimoja chaweza kusomwa kwa zamu na wengi.

Shule isiyoweza kuigiza mchezo mzima yaweza kuigiza onyesho la tatu la Tendo la Tatu, ambalo ni fupi mno. Mshairi Cinna akutana na umati barabarani. Wamuuliza jina, ajibu, jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Awaambia kwamba yeye ni mshairi tu, nao wasema basi na afe kwa ubaya wa mashairi yake, wakamshika. Mwanzoni darasa hucheka. Kisha huwa kimya, na katika kimya hicho mwalimu aweza kuuliza ni nani aliyemwua Cinna: ni umati, ni Antony aliyeuchochea, au ni Brutus aliyefikiri usiku bustanini kwa nia njema? Wanafunzi wakilijibu swali hilo kwa kukifungua kitabu, wamekwisha kuanza kuisoma tanzia.